Kopo la Mafuta Aliloniachia Mama

Harufu ya mafuta ya mgando hunirudisha Makongeni, kwenye chumba chetu kimoja katika nyumba za reli, nikiwa darasa la tatu. Kila jioni mama alichanganya maji moto na baridi kwenye beseni, akaniosha miguu polepole, kidole kwa kidole, kisha akanipaka mafuta hadi kwenye visigino. "Miguu ikitulia, hata kichwa kinatulia," ndiyo yaliyokuwa mahubiri yake yote. Muhula wa pili, habari zikaja kutoka Bungoma kwamba nyanya ameanguka, hawezi kuinuka. Mama akafunga mzigo kwenda kumuuguza. Aliniachia kopo jipya la mafuta, akasema, "Uwe unajipaka kidogo kidogo kila jioni. Haya yakiisha, nitakuwa nimerudi."

Mtoto ni mtoto. Nilishika ile ahadi, hiyo kidogo kidogo nikaiacha hapo hapo. Baba alitoka karakana giza likiwa limeingia, kwa hiyo jioni zangu zilikuwa mimi na beseni. Nilijipaka miguu, nikapanda magotini, mikononi, shingoni, ili kopo liishe upesi mama arudi. "Neke, unang'aa kama sufuria! Utateleza, wewe!" watoto wa jirani walinicheka. Sikubaki kucheza nao, nilikuwa na kazi. Wiki ya pili nilikwangua kopo kwa kijiko, nikavaa rinda la kanisani, nikaketi mlangoni kumngoja. Majirani walipita na unga na sukuma wiki, wakaita watoto wao mmoja mmoja, na laini nzima ya nyumba zetu ikanyamaza. Haraka haraka haina baraka, lakini nani amwambie mtoto anayemtaka mamake?

Baba alinikuta pale. Akatazama kopo, akatazama rinda. "Neke, haya mafuta umeyala?" Nilipomweleza, akaniingiza ndani akanipikia ugali. Kesho yake alileta kopo jingine, wala hakuniambia likiisha itakuwaje. Tangu hapo nilijipaka kidogo kidogo, bila kumngoja mtu.

Mama alirudi Desemba, baada ya kumzika nyanya. Alikuwa amekonda. Jioni hiyo hiyo alichota maji, akavuta stuli, akaniita. Nikamjibu, "Nimeshaosha miguu, mama." Na kweli nilikuwa nimeosha. Alisimama kidogo na beseni lake, akasema, "Haya, umekuwa mkubwa," akaenda kuyamwaga nje.

Siku hizi naishi peke yangu Kayole. Wenzangu hulipa watu wawasugue miguu, mimi huchemsha maji yangu, nikazima simu, nikaketi kimya, miguu ndani ya beseni, mpaka yapoe, na kichwa hutulia kweli. Mama yuko Bungoma, magoti yake hayamruhusu tena kuinama. Nilijifunza kujitunza mapema, na hilo limenifaa. Ila jioni ile ningekuwa na akili za leo, ningemwambia sijaosha.