Siku Niliyotafsiri Salamu za Bibi Elsa

Jamani, aibu hii nimeificha siku nyingi, lakini kwa kuwa pale Sikonge hata watoto wanaijua, bora mnisikie mimi mwenyewe kuliko muipate kwa watu wenye chumvi nyingi.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka Ujerumani, mwaka wa saba huo, na nyumba yangu ya Isevya, pale Tabora, imeshaezekwa bati la rangi, kwa hiyo ukinitazama ungesema huyu kafika. Kisichoonekana ni kwamba miaka yote hiyo nilikuwa naosha masufuria kwenye jiko la hoteli, mimi na Wakongo wawili na Mkenya mmoja, tunapiga Kiswahili chetu asubuhi mpaka jioni, na Kijerumani changu kiliishia kwenye majina ya vyombo na "ndiyo, bosi" (yule Mkenya alijiunga na darasa la lugha, leo anapokea wageni pale mbele, amevaa tai, mimi nilisema nimechoka, nikalala).

Sasa Neema, binti wa dada yangu, alikuwa amemaliza uuguzi na anasoma Kijerumani Tabora mjini, afanye mtihani aende huko kama muuguzi. Mimi, mjomba mtu, nikamwambia anapoteza muda, lugha ataikuta hukohuko, jikoni kwetu kuna nafasi, aje tu. Akanisikiliza. Jumatatu alikuwa aende kujiondoa darasani.

Jumapili tukaenda ibada Sikonge kwa mama. Kumbe kanisa lina mgeni, mama wa makamo kutoka Ujerumani, na mkalimani wake amebaki Tabora na malaria. Mchungaji akauliza kama kuna wa kusaidia. Ningeweza kujikunja nyuma ya nguzo nikatulia zangu, lakini mama alishanigeukia, na kanisa zima likageuka naye, na mimi (sifa hizi, jamani) nikafunga kifungo cha koti nikaenda mbele.

Mgeni akaongea. Nilishika neno moja, Sikonge. Nikajiuliza, mgeni kanisani husema nini siku zote? Basi nikawaambia amefurahi kufika, anashukuru mapokezi, anawaletea salamu za waumini wa kwao. Watu wakaitika amina, nami nikaanza kujiamini.

Kisha akatoa picha kwenye mkoba. Ilikuwa ya Bibi Elsa, mkunga wa Kijerumani aliyekaa kwetu miaka mingi na kuzalisha nusu ya watu waliokuwa wamekaa pale, mimi nikiwamo, na ambaye mama alikuwa akimwita dada. Nikalisikia jina Elsa likitajwa, nikalirukia. Nikasema Bibi Elsa anawasalimu sana, na Mungu akipenda mwaka huu anakuja.

Mama ndiye aliyeanza vigelegele. Wanawake wakatoka kwenye viti wakimfunga mgeni vitenge, ngoma ya kwaya ikalia, na mgeni akaangua kilio, nami nikayatafsiri na machozi yenyewe, nikasema ni ya furaha.

Mama akasema kutoka kwenye kiti chake, "Muulize anakuja mwezi gani, nimwekee asali."

Nikamgeukia mgeni nikamwambia "ndiyo, bosi" (ndicho nilichokuwa nacho), akanikodolea macho, nikawarudia watu nikasema mwezi wa saba.

Hapo Neema akatoka kwenye kwaya. Kwetu binti hamsahihishi mjomba wake mbele za watu, na nilimwona alivyokuwa akijizuia tangu mwanzo. Akanipigia goti kwanza.

"Nisamehe, mjomba," akasema, kisha akawageukia watu. "Bibi Elsa amefariki. Huyu ni binti yake. Amekuja kutupa taarifa, na anaomba tusimame kimya kumkumbuka mama yake."

Ngoma ndiyo iliyochelewa kunyamaza. Watu wakasimama, Neema akaendelea kutafsiri, na mimi nikabaki katikati yao sijui mikono niiweke wapi.

Mama hakunigombeza. Tulipofika nyumbani alisema tu, "Umenifanya nimpigie Elsa vigelegele kwenye msiba wake," akaingia ndani. Ningefurahi angenichapa.

Jioni Neema akaniambia kwa upole kwamba jikoni haji, atabaki darasani mpaka afaulu. Sikumbishia. Miaka yangu saba alikuwa ameshaiona yote asubuhi ile.

Mkiniuliza kama kwenda nje kunalipa, nitasema kunalipa, bati mnaliona. Ila nilikwenda na mikono tu, na mikono tu ndiyo iliyopata kazi. Kutafsiri sitatafsiri tena, hata salamu, na darasani naingia kila siku yangu ya mapumziko, nakaa na vijana wa umri wa Neema, wananicheka, nacheka nao.

Wakati wa kuondoka mama alinipa ile asali nimpelekee binti wa Elsa. Neema alinifundisha maneno siku tatu. Nikafika mlangoni kwake kule Ujerumani, nikayasema yote bila kupumua, kwamba ni mimi wa kanisani, mama yake ndiye aliyenizalisha, nisamehe, pole sana. Akanijibu maneno mengi mno. Zamani ningetikisa kichwa na kutabasamu.

Nikamwambia, kwa lugha yake, "Sijaelewa."

Akanishika mkono, akaanza upya, polepole.