Mbwa wa Kitambaa Cheupe

Mwalimu aliponiomba mbwa wetu, nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuomba. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ndugu yangu, ningepewa kurudia siku moja tu ya maisha yangu, ningerudia ile, nikatae. Juzi hapa Nchelenge nilimwona mjukuu wangu akimwogesha mbwa kwa sabuni ya chupa na ndoo tatu za maji, povu limefika barabarani, na mambo yote yakanirudia.

Miaka ile ya hamsini niliishi Kabuta, kando ya ziwa, na bibi yangu, pamoja na mbwa aliyeitwa Tutaona. Jina hilo bibi alimpa makusudi, kumjibu jirani aliyesema kale kambwa hakatamaliza mwezi. Tutaona alinifuata shuleni, akalala chini ya benchi langu. Viroboto wake hawakulala. Siku moja, katikati ya hesabu, mwalimu alijikuna mguu mbele ya darasa zima.

"Ijumaa nitamupangusa na kitambaa cheupe," alisema. "Nikiona kiroboto kimoja tu, mesenja, ule askari wa boma, atamupiga bunduki."

Nilifika nyumbani nikilia. Bibi alikuwa akigeuza samaki juu ya moshi.

"Unalilia nini? Imbwa angali muzima. Lete ile nyavu ya kuoza."

Kipande cha wavu uliochakaa, kikiviringishwa, ndiyo iliyokuwa burashi yetu. Sabuni ilikuwa jivu la jikoni lililochungwa, na maji ya vuguvugu, kibuyu kimoja tu. Hatukumpeleka ziwani, maana mamba naye alipenda mbwa msafi. Mwishoni bibi aliponda majani ya buba, yale ambayo wavuvi wakorofi walitumia kulevya samaki. Alitia kidogo sana kwenye maji ya mwisho, yaue viroboto, akamshika Tutaona mdomo asijilambe mpaka alipokauka. Maji yaliyobaki tuliyanyunyizia kwenye banda la kuku lenye utitiri.

"Tone moja lisiende ziwani," alinionya. "Utaua samaki ya watu."

Tulifanya hivyo jioni tatu. Ijumaa mwalimu alipitisha kitambaa toka shingoni hadi mkiani, akarudia tumboni, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa cheupe pe! Akakinusa.

"Huyu ni musafi kuliko ninyi wote!"

Tulipiga mabenchi mpaka vumbi likaanguka toka kwenye nyasi za paa. Nilirudi nyumbani kwa njia ya ufukweni, kifua mbele, watoto nyuma yangu wakiimba. Wanawake waliokuwa wakianika samaki walipiga vigelegele; wachuuzi wa samaki walipiga kengele za baisikeli. Yule jirani alitoka kuangalia.

"Sasa umeona?" bibi alimwuliza, akacheka hadi akakaa chini. Sijawahi kuwa mkubwa kama siku ile.

Muhula ulipoisha mwalimu alihamishwa. "Kijana, nipe huyu imbwa," alisema. "Nani mwingine ana imbwa kama huyu?" Kwa sifa hizo nikamkabidhi kamba. Bibi alikuwa ameenda Chisenga kununua samaki. Aliporudi alimwita Tutaona mara mbili, kisha akaniangalia, nami nikamweleza.

Hakunigombeza. "Alikuwa wako peke yako?" aliuliza.

Bibi aliishi miaka minne zaidi. Hakufuga mbwa mwingine, wala hakuniachia tena kitu chake chochote nikitunze.