Mwalimu Aliyerudi Nyuma

Yule Mkorea aliyekuja kwa Wakareni, watu wa mpakani mwa Myanmar na Thailand, kufundisha waongozaji wa nyimbo za sifa kanisani, alikuwa na vidole vyenye sugu na tabia ya kurudi nyuma. Kila mara mwanafunzi wake Naw Lerpaw alipoanzisha wimbo, mwalimu alipiga gitaa huku akisogea kinyumenyume kuelekea mlangoni. "Dada, unaiimbia miguu yako? Inua macho!" alifoka, kisha akacheka.

Jumapili ya kuagana na mwalimu, Naw Lerpaw alisimama mbele ya kanisa. Akamtafuta mwalimu kwa macho. Kumbe yuko nje, ameketi ngazini katikati ya kandambili walizovua waumini, anafunga zipu ya mfuko wa gitaa. "Ameniacha, jamani!" aliwaza. Akainua macho, akaanza peke yake. Kanisa zima likamdaka kwa sauti nne, mabati ya paa yakatetemeka. Na huko ngazini, kwa sauti ya besi, mwalimu naye akamfuata.