Kibati cha Msasa

Wenzake walimwita Msasa kwa sababu ya viganja vyake vilivyokwaruza. Alicheka nao, ingawa jina lenyewe lilimkera. Miaka kumi na tisa alikuwa akipaka matangi ya chuma rangi ya kuzuia kutu, ndani ya chumba chenye kidirisha kimoja, nacho kimepigiliwa misumari vumbi lisiingie. Kifua kilikuwa kimeharibika. Akipanda ngazi tatu tu anahema utadhani kabeba tangi!

Alitaka kitu kimoja: kuhamishiwa stoo, akae kwenye kiti, avute hewa. Kila akiomba, msimamizi alimpiga danadana. Safari hii akamwahidi.

"Dada, imekuja rangi mpya ya kufukuza maji. Paka kibati cha majaribio. Siku tone litakapoteleza bila kushika, wewe ni wa stoo."

Basi Msasa akasugua, akapaka, akasubiri ikauke, akadondosha maji. Yakatandaa. Akarudia wiki tatu. Wapi! Maji yaling'ang'ania pale pale kama mgeni asiyeaga.

Asubuhi moja kikohozi kilimbana mpaka machozi yakamtoka. Akatoa mafuta ya nywele mkobani. Maji na mafuta hayapatani, kila mpishi anajua. "Mungu anisamehe," akajisemea, akachovya kidole, akakipaka kibati na kukipangusa mpaka mafuta yasionekane.

Msimamizi akaja, akainamisha kibati, akadondosha tone. Likajiviringa, likakimbia hadi ukingoni. La pili vilevile.

"Lo! Haya ndiyo mambo!"

 Kwa furaha Msasa akaanza kufungua vifungo vya ovaroli.

"Unakwenda wapi? Mafundi wanne wameshindwa na rangi hii. Mkono kama huu niupeleke stoo ukahesabu misumari? Nina wazimu? Kuna matangi sitini ya maji ya kunywa. Utayapaka wewe peke yako, na kila moja tutalipima kwa tone, hivi hivi."

Msasa alifungua kinywa. Akisema kweli, kazi imeota mbawa. Akinyamaza, ni humu humu, na watu watakunywa kutu na mafuta ya nywele. Hasira zikampanda, na aliyemkasirikia zaidi ni yeye mwenyewe.

"Mbona kimya, dada? Furaha imekuzidi?"

"Imenizidi, bosi."

Nje, vijana walikuwa wameshaanza kulibingirisha tangi la kwanza kuja kwake.