Mawe Kwenye Begi la Mwanangu

Niliyasikia mawe kabla sijamwona Mutheu. Yaligongana ndani ya begi lake la shule, kwa-kwa-kwa, yakipanda ngazi hadi kwenye saluni ninayosukia pale kituo cha matatu cha Kawangware 56. Mtoto wa miaka minane! Alilitua begi sakafuni, akavuta kola ya sweta, nikaona mikanda ya begi imemchora mabega mekundu. Shule ilikuwa ikijiandaa kwa siku ya michezo, na amri ilikuwa hii: wanaokimbia sana wabebe mawe, wanaokimbia kidogo wasibebe, ndio wote wafike kwenye utepe pamoja na pasiwe na mtoto wa mwisho. Muhula huo nilikuwa nimeshameza mengine. Walimkataza kuinua mkono darasani kabla wenzake hawajajibu, nikanyamaza. Wakamwambia akimaliza ukurasa aurudie kutoka juu asije akawatangulia wengine, nikanyamaza, kwa sababu niliishia kidato cha nne na nilidhani walimu wanajua wanachofanya. Sasa mtoto akaniangalia akauliza, “Mama, hata nyumbani nikifanya vitu polepole, si ndiyo adabu?” Hapo nikapasuka. Nilitupa kitana. Mteja wangu, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama, akasema, “Enda, Mama Mutheu, enda uwaambie. Mimi nitakaa na hii nusu kichwa. Lakini urudi, bana, kesho niko na harusi.”

Nikivuka stegi ya matatu na begi lile mkononi, hasira yangu haikwenda shuleni moja kwa moja. Ilipitia kijiji cha Raila, kule Kibera, nilikozaliwa. Katika plot yetu ya kupanga, vyumba vya mabati vilitazamana safu mbili, na katikati palikuwa na kipande cha udongo kilichokanyagwa kikawa kigumu kama sahani. Krismasi moja watu wengi wa plot walikwenda ushago, kwao mashambani, sisi tukabaki, na likizo nzima ikanukia mandazi ya Mama Akinyi, jirani yetu wa mlango wa pili, na mpira uliopigwa na jua. Mpira huo ulikuwa blada yetu: tyubu kuukuu ya baiskeli, imekatwa vipande vyembamba na kuungwa kwa mafundo. Wawili wanaivaa miguuni na kusimama mbali mbali, wengine wanaruka katikati. Inaanzia kwenye vifundo vya miguu, inapanda magoti, mapaja, kiuno, kwapa, hadi mikono iliyoinuliwa juu ya kichwa. Mimi nilifika kwapa. Nilikuwa mwembamba, miguu kama vijiti vya kuchokolea jiko, na nikiruka nilihisi plot nzima imebaki chini yangu.

Akinyi, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, alikuwa mzito wa miguu na mwepesi wa mdomo. Kila siku alianguka blada ikiwa magotini tu. Lakini blada ina kitu kinaitwa kuokoa: mwenzako akianguka, wewe uliyepita salama unaruka tena kwa ajili yake, na ukiweza, anarudi mchezoni kama hakuna kilichotokea. “We Mwikali, unaangalia nini? Niokoe!” alikuwa akipiga kelele akiwa bado chini. “Lakini Akinyi, umeanguka magotini! Magoti hata nyanyangu anaruka!” “Basi mwite nyanyako aniokoe!” Tulikuwa tukicheka mpaka wenye blada wanaiachilia. Kwa hiyo kadiri nilivyoruka vizuri, ndivyo watu wengi walivyobaki ndani ya mchezo. Nilikuwa mtoto, sikuliona jambo hilo kama wema. Nilijua tu kwamba jina langu ndilo lililoitwa zaidi, na lilikuwa tamu kusikia.

Siku moja Akinyi alilia, kwa uchungu wa goti tu, lakini mama yake alidhani tumemcheka. Alitoka na mwiko unaotiririka mafuta. Yule mama hakuwa mbaya. Ndiye aliyenihifadhia andazi lililoungua kidogo, kwa kuwa alijua nalipenda hivyo. Akasema watoto wa Mungu ni sawa, na kuanzia leo watacheza sawa. Akaleta gambuti za mumewe, zile buti ndefu za mpira, akanivisha. Hakuna kupandisha blada mpaka wote wapite, na hakuna kuokoana, maana kuokoana ni kumwonyesha mtu hajui. Kisha akaketi kwenye kigoda kusimamia. Nilijaribu kuruka, gambuti moja ikabaki chini, nikaanguka magotini. Aliyefuata akaanguka. Akinyi akaanguka. Blada ikashuka kwenye vifundo na kukaa huko asubuhi yote, na mmoja mmoja tukaanza kukumbuka tumetumwa maji. Akinyi ndiye aliyebaki amesimama katikati, mikono kiunoni. “Mama, umeharibu! Sasa nikianguka nani ataniokoa?”

Mama Akinyi alimwangalia, akaniangalia mimi na gambuti yangu moja, akacheka hadi akashika mbavu. “Kumbe nimewaangusha wote!” Kisha, nawaambieni, akafunga leso kiunoni, akaingia kwenye blada yeye mwenyewe. Aliruka kama gunia. Aliponasa, plot yote ikapiga kelele, “Okoeni Mama Akinyi!” Nikavua gambuti, nikamwokoa.

Nilipofika shuleni kwa Mutheu, mwalimu mkuu alinikaribisha kiti, mtu mpole, sauti ya chini. “Mama Mutheu, hatutaki mtoto yeyote ajisikie mdogo.” Nikayamwaga mawe sakafuni. “Na wangu ajisikie nini, mwalimu? Punda?” Akasema ni mambo ya usawa, na mkutano wa wazazi ulishapitisha. Nikiwa na lalamiko, niandike. Mama Akinyi alikosea asubuhi moja akajirekebisha kabla mandazi hayajapoa, kwa sababu alikuwa amekaa pale pale akitutazama usoni. Hawa wana ofisi, wana mikutano, na wamekaa muhula mzima bila kumtazama mtoto hata mmoja. Nilirudi saluni nikammaliza yule bibi kichwa. Siku iliyofuata nilipeleka lalamiko ofisi ya elimu, wakaligonga muhuri. Niliandika hivi:

“Mimi ni mama wa Mutheu, gredi ya tatu. Nalalamika rasmi kwamba shule inampunguza mtoto wangu ili wengine waonekane wameongezeka. Hawajaongezeka. Aliyekuwa hajui kusoma muhula uliopita bado hajui, na aliye karibu naye amekatazwa kumsaidia. Naomba mambo haya. Mtoto asibebeshwe chochote. Anayemaliza kusoma aketi na ambaye hajamaliza, wasome pamoja. Anayekimbia aachwe akimbie, kisha arudi amshike mwenzake mkono kama anataka. La mwisho, naomba mwalimu mkuu asimame mbele ya darasa amwambie Mutheu kwamba kuwa mwepesi si utovu wa adabu. Mimi nimeshamwambia mara nyingi. Haniamini. Anasema mimi si mwalimu.”