Kumtafuta Afisa wa Zamu, Ibra hadi Nizwa

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya boti iliyozama mchana kweupe.

Nchi yetu ni visiwa vichache, na watu wake hujuana mpaka majina ya bibi zao. Kwenye ulinzi lakini hatujuani. Polisi wana waziri wao, walinzi wa pwani wana wao, idara ya usalama humjibu Rais peke yake, na Baraza la Usalama la Taifa linalowakutanisha wote halina uwezo ila wa kushauri. Boti ile ilipoomba msaada kwa redio, kila ofisi ilisubiri nyingine itoe amri. Mimi ni katibu wa kamati ya Bunge inayoiandika upya sheria ya Baraza hilo. Wakubwa wote tulikwisha kuwasikiliza. Tuliyemkosa ni Khalfan, afisa wa zamu wa walinzi wa pwani siku ile, aliyekimbilia Oman kwa shangazi yake baada ya maziko ya waliozama.

"Kamsihi aje kutoa ushahidi," mwenyekiti wangu aliniambia. "Na uende kimya. Sema unakwenda kutazama jamaa."

Maskati nilipokewa na Rahma, binti wa shangazi huyo, mfanyakazi wa benki aliyezaliwa hukohuko. Barabara ya Ibra, kwa mama yake, ilipita kati ya milima isiyo na jani hata moja.

"Mama iko anaogopa wewe," alinambia bila kuficha. "Anasema serikali ikileta mwanamke, basi wanaume wameshindwa."

Ibra, Bi Zuwena alitusubiri mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ingia."

Akanimiminia kahawa, akanisogezea tende, kisha akaniuliza kabla sijaonja: "Umekuja kumchukua, au kumsikiliza?"

"Kumsikiliza."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Hapo akanionyesha kikombe ninywe. "Sie twalikuja huku kwa khofu, watoto migongoni. Sitaki huyu arejee kule kwa khofu vilevile." Kisha akaniambia: Khalfan yuko Sur, pwani, kwenye kiwanda cha barafu cha wavuvi. Na yeye mwenyewe atafuatana nasi.

Tulipokuwa tunapanda gari simu yangu ililia. Sauti ya mwanamume, namba ya kwetu visiwani, nisiyoijua.

"Dada Asya," alisema kwa upole. "Ibra kuna joto?"

Akakata. Aliyejua niko wapi ni mwenyekiti tu. Ama alisema yeye, ama simu yangu ina masikio. Njia nzima ya Sur sikuweza kuamua lipi baya zaidi.

Sur tukakuta amekwenda. Msimamizi wa kiwanda alizungumza na Rahma kwa Kiarabu, naye akanifasiria: "Asubuhi amepigiwa simu kutoka kwenu. Akachukua nguo yake, kaenda Nizwa kwa rafiki."

"Wametutangulia," alisema Bi Zuwena, vidole vyake vikikimbia kwenye tasbihi.

Kutoka Sur tulirudi bara, tukapita Sinaw. Gari jeupe lilikuwa nyuma yetu tangu mbali, na macho yangu hayakutoka kwenye kioo. Tulipofika Sinaw likakata kona sokoni, akashuka mzee wa Kibedui kutazama ngamia. Rahma alicheka. Mimi nilirudisha macho kwenye kioo.

Nizwa tulimkuta uani kwa rafiki yake, kwenye kivuli cha mitende. Aliponiona alisimama, akatafuta mlango kwa macho. Shangazi yake akamshika mkono.

"Kaa. Msikilize, na yeye akusikilize."

Alikaa. Maneno yalitoka polepole, kisha yakamshinda kuyazuia.

"Meli yetu ilikuwa tayari, mafuta tele. Lakini kulikuwa na mgeni wa serikali, na idara imekataza chombo chochote kutoka bandarini. Nikapiga idara. Wakasema uliza wizara. Wizara wakasema uliza polisi. Polisi wakanirudisha idara. Na muda wote nahodha yuko kwenye redio ananiita kwa jina. Tulisoma pamoja, yule. Akaniita mpaka akanyamaza."

Bi Zuwena alijifunika uso kwa mtandio.

"Utaniahidi sitakamatwa?" Khalfan aliniuliza.

Ningeweza kumdanganya. "Siwezi. Sina mamlaka hayo."

Alivuta pumzi. "Wengine wote wameniahidi," alisema. "Aliyenipigia asubuhi kaniahidi mpaka nyumba, nikinyamaza." Akaingia ndani kuchukua begi lake.

Safari ya kurudi na Khalfan sikufumba macho. Tulipotua nyumbani, wanaume wawili wasiovaa sare walimtenga Khalfan, wakampeleka chumba kidogo. Niliingia nyuma yao kabla mlango haujafungwa.

"Kwa amri ya nani?" niliuliza.

"Ya juu."

"Juu kwa nani? Nitajie jina, nilifikishe kwenye kamati."

Wakatazamana. Mkubwa wao akapiga simu idara. Akaambiwa aulize polisi. Polisi wakamwambia wizara. Wizara wakataka kujua idara imesemaje. Khalfan alikuwa amekaa, jasho likimtiririka. "Maneno yaleyale," alinong'ona.

Hakupatikana mtu wa kuitia amri ile jina lake. Mwishowe yule mkubwa akafungua mlango, akatazama ukutani. Tukatoka.

Khalfan alitoa ushahidi mbele ya kamati na mbele ya jamaa wa waliozama. Katika rasimu sasa kuna kifungu kinachompa afisa wa zamu mamlaka ya kuokoa roho bila kusubiri mtu, na kingine kinachotaka kila amri ya kumzuia mtu iwe na jina la aliyeitoa. Bunge bado halijapiga kura. Nimejifunza kwamba amri isiyo na mwenyewe ni ya kuogopwa hata siku inapokuachia upite, kwani kesho yake inaweza kukurudia, na hutakuwa na wa kumuuliza.

Khalfan yuko kwangu, chumba cha uani. Gari likisimama nje, sote wawili hutega masikio. Jana Bi Zuwena alipiga simu kutoka Ibra.

"Mwanangu yupo?"

"Yupo, bibi."

"Na huko nani kamdhamini?"

Nilijua huenda simu ile inasikilizwa. Nikamtajia jina langu, la baba yangu na la babu yangu, polepole, ili aliyekuwa anasikiliza asikose hata moja.