Taa ya UV, chupa za mtama na uyoga wa harusi ya Mama Hansa

Wakuu, habari za muda huu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Kariakoo, sijaongeza chumvi. Mkicheka, chekeni taratibu.

Naotesha uyoga chumbani, ghorofa ya tatu. Sijasomea, nimejifunza mtandaoni. Na mimi ni mtu wa wasiwasi, meza naifuta mara nne kabla ya kuanza kazi.

Jirani wa chini ni Mama Hansa, kwao hawali nyama. Akaniagiza kilo kumi kwa ajili ya harusi ya mwanawe, miezi mitatu mbele. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Mbegu za uyoga nazikuza kwenye mtama uliochemshwa, ndani ya chupa za kioo. Zote zikachacha. Nikarudia, zikachacha tena.

Nikasoma kwamba kuna bakteria wanaojifungia kwenye ganda gumu, ndiyo spora, hata maji yanayochemka hayawamalizi. Ila mwanga wa UV unawaweza.

Mbio dukani, nikarudi na taa. Kila siku nawasha saa nzima juu ya chupa, mlango nimefunga, mimi niko kwenye korido maana ule mwanga unaumiza macho na ngozi.

Zikachacha.

Hapa nakiri: Mama Hansa akiniuliza, nilikuwa namjibu "inaenda vizuri".

Siku moja akapanda mwenyewe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku anafungua chupa. Akanusa.

"Mwanangu, unapika togwa?"

Nikamwambia ukweli wote.

"Mtama uliloweka?"

"Hapana mama, nachemsha tu."

"Mkavu? Mimi choroko tu naloweka mpaka zichipue! Taa umenunua, maji ya bomba yamekushinda?"

Nikarudi kusoma, safari hii mpaka mwisho. Kumbe UV haipenyi kioo cha kawaida, na inaua juu juu tu. Penye kivuli haifiki. Wiki zote hizo nilikuwa naziotesha jua chupa!

Na kumbe nafaka ikilowekwa siku nzima, spora nyingi zinaamka na kuvua ganda. Ukichemsha hapo, zinakufa.

Nikaloweka. Taa nikaihamishia mezani, kwenye vifaa visafi nilivyovipanga kimoja kimoja. Katika chupa kumi na mbili ikachacha moja. Nyingine zikajaa nyuzi za uyoga, nyeupe kama pamba, nilikaa nazitazama tu.

Mbegu hizo nikazipanda kwenye mifuko ya majani makavu, uyoga ukatoka, na harusini zilifika kilo kumi na moja. Mama Hansa akanishika mkono mbele ya wageni: "Huyu ndiye fundi wangu wa togwa." Nilicheka kuliko wote.

Funzo langu: meza niliifuta mara nne, swali sikuuliza hata moja.

Wenye taa hizi, nyie mnaziwasha juu ya nini? Semeni ukweli, mimi nimeshasema wangu.